Siku Moja Matrah kwa Meli ya Kitalii: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Bandari, Soko na Njia ya Mlimani ya Riyam

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wasafiri wanaozungumza Kiswahili ambao meli yao itafunga gati Maskati kwa siku moja tu na ambao wangependa kuitumia siku hiyo kwa miguu yao wenyewe. Majibu yametokana na miaka ya kupokea ndugu na wageni wanaoshuka hapa kutoka Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Uingereza, na kupanda nao kilima kile kile asubuhi baada ya asubuhi. Saa zote zilizotajwa ni za Kiswahili. Tangazo la meli likiandika 17:00, hiyo ni saa kumi na moja jioni.

Meli hufunga wapi hasa? Maskati au Matrah?

Ratiba za meli huandika Maskati, lakini gati liko Matrah, mji wa bandari ulio jirani na Maskati ya zamani na ambao leo ni sehemu ya jiji hilo hilo. Bandari inaitwa Bandari ya Sultan Qaboos, na ilifunguliwa mwaka 1974. Mwaka 2014 shughuli za makontena na shehena ya biashara zilihamishiwa Sohar, upande wa kaskazini, na tangu hapo Matrah imebaki zaidi na meli za abiria, vyombo vya uvuvi na jahazi la hapa na pale. Kwa msafiri, hili ni jambo jema, kwa sababu ukisimama juu ya sitaha asubuhi unauona mji wote mbele yako: nyumba nyeupe zilizojipanga ufukoni, ngome ya Wareno juu ya jabali, na nyuma yake milima ya kahawia isiyo na mti.

Je, naweza kutoka bandarini kwa miguu?

Ndani ya bandari huruhusiwi kutembea. Basi la bure huwachukua abiria kutoka ubavuni mwa meli hadi kwenye geti, na safari hiyo ni ya dakika chache tu. Ukishatoka getini uko huru, na barabara ya pwani inaanzia hapo hapo. Madereva wa teksi watakuzunguka wakikutajia bei za siku nzima. Wajibu kwa upole kwamba unakwenda kwa miguu, na endelea na njia yako.

Ninahitaji viza?

Jibu linategemea pasipoti yako, na taratibu hubadilika. Mara nyingi meli hushughulikia vibali vya kushuka kwa abiria wake wote kwa pamoja, lakini mwenye pasipoti ya nchi ya Afrika Mashariki asisubiri mpaka asubuhi ya kufika ndipo aulize. Uliza kampuni ya meli kwa maandishi kabla ya kulipia safari, na ulihifadhi jibu lao.

Njia ya mlimani ni ipi, na ina nini cha kunifanya niache basi la watalii?

Ni njia ya miguu inayoanzia Riyam, bonde dogo lililo ufukoni kati ya Matrah na Maskati ya zamani, ikapanda mgongo wa kilima na kuteremkia Matrah kupitia wadi, yaani mkondo wa maji ya mvua ambao kwa kawaida ni mkavu. Katika orodha ya njia za Omani inajulikana kama C38. Urefu wake ni kilomita mbili na nusu hivi, inapanda hadi takriban mita 200 juu ya bahari, na mtu mwenye mwendo wa wastani huimaliza kwa saa moja na nusu hadi mbili pamoja na mapumziko.

Hii haikutengenezwa kwa ajili ya watalii. Kabla ya barabara ya pwani kuchongwa kwenye majabali, aliyetaka kutoka Riyam kwenda Matrah alikuwa na chaguo mbili: apande mashua au apande mlima. Watu walipita hapa na mizigo yao kwenda sokoni na kurudi, na ukiangalia vizuri utaona sehemu ambazo mawe yamepangwa kwa mkono kuwa ngazi, mengine yamelainika katikati kwa kukanyagwa. Ukishavuka sehemu ya juu utakuta kuta fupi za mawe zilizobomoka, mabaki ya makazi ya watu walioishi huku juu wakitegemea maji ya wadi.

Kuna mahali, baada ya robo saa hivi ya kupanda kutoka Riyam, ambapo njia inapinda na bahari inafunguka yote kwa mara moja. Chini yako kuna chetezo kikubwa cheupe cha Riyam, mnara wenye umbo la chombo cha kufukizia ubani, ambao kila abiria huupiga picha kutoka kwenye meli bila kujua ni nini. Zaidi ya hapo unaona barabara ya pwani, minara ya ulinzi juu ya vilele, na meli yako, ambayo asubuhi ilikuwa kubwa kuliko mji, sasa imekuwa ndogo pembeni mwa gati. Wageni wangu wengi hunyamaza wakifika hapo, na huwaacha wakae kadiri wanavyotaka.

Mawe yenyewe yanastahili kutazamwa. Milima hii myeusi na ya kahawia ni miamba iliyokuwa chini ya sakafu ya bahari, ndani kabisa ya ardhi. Iliumbwa miaka milioni 95 hivi iliyopita, kisha ikasukumwa juu ya nchi kavu. Ni sehemu chache duniani ambapo mtu anaweza kuikanyaga kwa eneo kubwa kama Omani, na wanajiolojia husafiri kutoka mbali kuja kuiona.

Nianzie Riyam au Matrah?

Anzia Riyam. Ukianzia Matrah utapoteza muda ukitafuta pa kuingilia kati ya nyumba za watu, na utapanda wadi iliyofungwa na majabali isiyopata upepo. Ukianzia Riyam unapanda ngazi ungali na nguvu, upepo wa bahari uko mgongoni mwako, na mwisho wa safari unatokea kwenye mitaa ya Matrah, ambapo hatua chache zinakufikisha sokoni. Ndivyo wenyeji walivyoingia mjini zamani, wakitokea nyuma ya mji na jasho usoni, na mimi naamini hakuna namna nzuri zaidi ya kuliona soko hili kwa mara ya kwanza.

Kutoka geti la bandari hadi Riyam ni mwendo wa dakika arobaini kando ya bahari, au dakika chache kwa teksi. Ikiwa muda wako ni mfupi, panda teksi wakati wa kwenda na utembee wakati wa kurudi. Mwambie dereva akushushe kwenye bustani ya Riyam. Kibao cha njia kiko upande wa pili wa barabara, nyuma ya nyumba, mahali ngazi zinapoanzia.

Je, naweza kupotea?

Ni vigumu, mradi utafute alama. Juu ya mawe imepakwa rangi kwa mistari mitatu, njano, nyeupe na nyekundu, mfano wa bendera ndogo. Kanuni ni rahisi: ukitembea dakika tatu nne bila kuona alama, simama na urudi hadi ile ya mwisho. Mahali pa kuwa mwangalifu ni kwenye uwanda wa juu, ambako kuna vijia vya pembeni, na kwenye wadi, ambako mafuriko huviringisha mawe na baadhi ya alama hugeukia chini.

Nivae na nibebe nini?

Viatu vyenye soli inayoshika, kofia yenye ukingo, na maji lita mbili kwa kila mtu. Hakuna kibanda, hakuna bomba wala kivuli njia nzima. Kuhusu viatu sina masihara. Mwaka mmoja nilimpeleka binamu yangu aliyesisitiza kwamba ndara zake zilikuwa madhubuti kwa sababu alitembea nazo Pemba nzima. Kwenye mteremko wa wadi, ambako changarawe hukaa juu ya jabali laini kama punje juu ya sinia, kanda ya ndara ya kulia ilikatika, akakaa chini bila kutaka, na tuliumaliza mlima yeye akiwa amefunga mguu kwa kilemba changu. Hakuvunjika kitu, lakini meli yake ilikuwa ikiondoka saa kumi na moja na tulifika getini kwa tabu.

Watoto wenye umri wa miaka minane na zaidi, waliozoea kutembea, huweza. Mtu mwenye maumivu ya magoti aufikirie mteremko kuliko mpando, kwa sababu kushuka ndiko kunakoyachosha magoti. Mwenye ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, ningewashauri wabaki ufukoni. Si aibu kupanda ngazi hadi pale bahari inapofunguka, kupumzika, na kurudi Riyam kwa njia ile ile; mandhari bora kuliko zote utakuwa umeiona.

Ni saa ngapi za kupanda, na miezi gani inafaa?

Msimu wa meli ni kuanzia Oktoba hadi Aprili au karibu na hapo, na hiyo ndiyo miezi ya kupanda. Desemba na Januari hali ya hewa ni tulivu sana, na asubuhi waweza hata kuhitaji fulana nyepesi. Kuanzia mwisho wa Aprili joto hupanda haraka, na katikati ya kiangazi hupita nyuzi 40. Wakati huo usipande, hata ukiwa na maji ya kutosha, kwa kuwa miamba ile myeusi hunyonya jua na kukurudishia joto kutoka chini.

Hata katika msimu, panda asubuhi. Mpango ninaoutumia ni huu: kuwa getini saa mbili na nusu, kuanza ngazi za Riyam kabla ya saa tatu, kufika mitaa ya Matrah kabla ya saa tano. Hapo una saa mbili za soko kabla maduka hayajafungwa kwa mapumziko ya mchana.

Kukiwa na dalili ya mvua?

Usipande, hata kama mawingu yako mbali. Nusu ya njia hii ni wadi, ambayo hujaa maji ndani ya dakika chache mvua inaponyesha milimani, na maji hayo yote hutafuta njia ya kwenda Matrah. Soko lenyewe limekaa mdomoni mwa wadi, na wenye maduka wanajua vizuri maana yake. Usidanganywe na mbingu iliyo safi juu ya meli yako. Simu ya dharura nchini Omani ni 9999.

Nikitoka mlimani, nitaona nini sokoni?

Soko la Matrah lilijulikana kwa jina la Suq al-Dhalam, soko la giza, kwa jinsi vichochoro vyake vilivyobanana hata jua lisiingie. Mlango mkubwa unaotazama bahari ndio unaojaa watalii, na maduka ya karibu yake huuza mashali na vinyago vya ngamia ambavyo havikutengenezwa Omani. Wewe unayeteremka kutoka mlimani unaingia kwa nyuma, kwenye maduka ya vitambaa, masufuria na dhahabu, ambako wateja ni wenyeji.

Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni ubani wa Dhofar, mkoa wa kusini mwa Omani. Ulio bora huitwa hojari, na vipande vyake vina weupe unaoelekea ukijani, vikavu, visivyo na maganda ya mti. Cha pili ni halua ya Omani, ya zafarani na hiliki, ambayo aliyekulia Unguja ataitambua kwa ulimi kabla ya kuambiwa jina, ingawa hapa huwa laini zaidi. Cha tatu ni kofia. Waomani huiita kumma, nasi tunaijua kuwa kofia ya viua, na iliyoshonwa kwa mkono hutambulika hivi: inyanyue kwenye mwanga, utazame vile vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi. Vya mashine vinalingana vyote na nyuma yake uzi umevuka ovyo. Vya mkono vinatofautiana kidogo, na ndani ni safi kama nje. Kofia ya mkono ni kazi ya wiki nyingi, na bei yake husema hivyo. Ukipewa bei ndogo ukaambiwa ni ya mkono, irudishe kwa heshima.

Kupatana bei kunakubalika, lakini kwa utulivu, na salamu kwanza.

Ni kweli kwamba nitaeleweka kwa Kiswahili?

Si kila mahali wala kwa kila mtu, kwa sababu wauzaji wengi wa Matrah ni watu wa Bara Hindi na Waomani wenye asili ya Kibaluchi. Hata hivyo, utashangazwa. Wareno walioiteka Maskati mwaka 1507 walifukuzwa mwaka 1650, na majeshi ya Omani yaliendelea kuwaandama mpaka Mombasa, ambako ngome yao, Fort Jesus, iliangukia mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Katika karne ya 19, mtawala wa Omani, Seyyid Said bin Sultan, alihamishia makao yake Unguja. Majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi yaliondoka pwani hii na tende na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na boriti za mikoko na karafuu, na katika biashara hiyo walikuwamo pia watu waliouzwa utumwani, jambo ambalo halifai kupitwa kimya. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, familia nyingi zilizokuwa Afrika Mashariki zilikuja Omani, na Kiswahili kikaja nazo.

Kwa hiyo, ukiwa sokoni zungumzeni kwa sauti ya kawaida, msinong'one. Mara nyingi kichwa kitageuka. Mzee mmoja anayekaa kwenye kibaraza karibu na wauza fedha huwauliza wageni wangu wote swali moja: "Nyie wa wapi, na wazee wenu nani?" Akishajibiwa, hutafuta kiti. Muitikie shikamoo yake kama atakuanza yeye kwa mzaha, kisha mpe yako, na usiwe na haraka. Robo saa hiyo ni ya thamani kuliko duka lolote.

Wenzangu wasiopanda mlima wafanye nini?

Watembee barabara ya pwani, ambayo ni tambarare na ina viti. Soko la samaki lililo karibu na bandari, ambalo jengo lake lilichorwa na kampuni ya Snøhetta ya Norwei na kufunguliwa mwaka 2017, huchangamka zaidi asubuhi. Nguru na jodari hulazwa juu ya meza za vigae wakiwa bado wanang'aa. Wanaopenda historia wachukue teksi hadi Maskati ya zamani, penye kasri ya al-Alam, ngome za Jalali na Mirani, na Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa mwaka 2016. Kisha mkutane wote sokoni.

Na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos?

Ni mzuri mno, lakini uko mbali, kilomita ishirini hivi kutoka bandarini, na wasio Waislamu huruhusiwa kuutembelea asubuhi tu, hadi saa tano, isipokuwa Ijumaa. Msikiti na mlima haviwezekani katika asubuhi moja bila kuviharibu vyote viwili. Chagua kimoja.

Mavazi na picha?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, hata mlimani. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Pembeni mwa barabara ya pwani kuna mtaa wenye lango na ukuta uitwao Sur al-Lawatia, wenye nyumba za zamani zenye roshani nzuri. Hayo ni makazi ya jamii ya Lawati na si mahali pa watalii. Tazama roshani kutoka nje, usiingie langoni.

Meli ikifika Ijumaa au katika Ramadhani?

Ijumaa asubuhi maduka mengi hufungwa hadi baada ya swala, hivyo mlima utaupata lakini soko utalikuta kimya mpaka alasiri. Katika Ramadhani, kula na kunywa hadharani mchana kunakatazwa na sheria, na hili linamhusu kila mtu. Aliyefunga asipande kabisa wakati wa jua. Akitaka, atembee ufukoni karibu na magharibi, maana mji huo unapopiga mizinga ya futari harufu ya mishkaki inatanda kila kona.

Nitumie fedha gani?

Riyali ya Omani, ambayo ina baisa 1000 na thamani yake ni dola 2.6 za Marekani hivi. Msafiri aliyezoea shilingi huona "riyali tano" kuwa ndogo. Piga hesabu kabla ya kukubali. Badilisha fedha kwenye maduka ya kubadilishia yaliyo mjini, na uombe noti ndogo kwa ajili ya teksi na kahawa.

Nikichelewa kurudi, itakuwaje?

Meli itaondoka. Walioshuka kwa matembezi ya meli yenyewe husubiriwa. Aliyekwenda peke yake hasubiriwi. Kabla ya kushuka, hakikisha saa ya simu yako inalingana na saa ya meli, kwa kuwa Omani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa moja na si kila meli hubadilisha saa zake kufuata bandari. Uwe getini saa moja kamili kabla ya muda wa mwisho wa kupanda, kwani basi la bandarini huwa na foleni ndefu jioni. Katika karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila usiku huwa kuna jina na simu ya wakala wa bandari. Ipige picha kabla ya kushuka, kwa sababu ukiachwa, huyo ndiye mtu wa kwanza wa kumpigia, na kwa kawaida ndiye atakayekuwa ameachiwa pasipoti yako.